Shajara ya mradi: majina ya funksheni katika maktaba ya likelemba

2 Juni

Hesabu za programu yetu ya likelemba, yaani mchango wa zamu, zinatoka sawa. Mchango wa kila mwanachama unaandikwa, zamu inajulikana, na programu inataja nani anapokea fungu la juma. Kinachotukwamisha sasa ni majina. Nusu ya funksheni, yaani vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina ili vifanye kazi moja, nimeziandika mimi, nusu ameziandika mdogo wangu, na ukisoma faili zote kwa mfululizo utadhani ni miradi miwili. Kwangu, funksheni inayouliza kama kitu fulani ni mwanachama inaitwa `mwanachama?`. Kwake inaitwa `mwanachamap`. Deni mimi nalitafuta kwa `deni-la-mwanachama`, yeye kwa `pata-deni`. Tumekubaliana kwamba hatuongezi kitu kingine chochote mpaka jambo hili liishe.

Kwa anayefungua shajara hii leo: likelemba yenyewe ni ya akina mama wauza unga wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Kila juma kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na fungu lote linakwenda kwa mmoja wao kwa zamu. Mama mweka hazina huandika kila kitu katika daftari la karatasi za miraba. Sisi tunaandika maktaba, yaani mkusanyiko wa funksheni, kwa Scheme, lugha ya programu ya ukoo wa Lisp, tukiiendesha kwa programu ya Guile 3. Ndiyo itakayofanya hesabu hizo, na majina yake ni ya Kiswahili kwa sababu mbili. Mama mweka hazina anataka kusomewa kanuni zilizomo ndani ili aseme kama ndivyo wanavyofanya wao. Halafu kuna vijana wanaokuja nyumbani Katuba kujifunza: shule wamesoma kwa Kifaransa, kompyuta inawasemesha Kiingereza. Nataka walau sehemu moja ya programu iseme lugha wanayoitumia wakinunua makala, yaani makaa ya kupikia.

5 Juni

Alama ya kuuliza dhidi ya `p`. Mdogo wangu alianza na Common Lisp, lugha nyingine ya ukoo huohuo, na huko ndivyo ilivyo: funksheni inayojibu ndiyo au hapana inamalizika kwa `p`, kama `numberp` na `evenp`. Jina likiwa tayari na kistari ndani, `p` nayo inatanguliwa na kistari, kama `upper-case-p`. Kanuni hiyo ni ya zamani kuliko kiwango rasmi cha lugha hiyo, cha ANSI, cha mwaka 1994. Scheme, iliyoanzishwa na Guy Steele na Gerald Sussman mwaka 1975, ilichukua `?`, na Clojure, Lisp nyingine iliyokuja mwaka 2007, ikaifuata. Kwa majina ya Kiswahili sioni ubishi. Neno letu linaishia na irabu. Ukiligandisha `p` mwishoni, msomaji anadhani ni kosa la kuchapa. Alama ya kuuliza kila aliyeshika kalamu anaijua.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya kwa kuwa nimemzidi umri, amekubali kwa sharti. "Sawa yaya, chukua alama yako ya kuuliza, lakini nyota zangu niachie." Anazungumzia desturi ya Common Lisp ya kuzungushia nyota vigeu (majina yanayoshika thamani) vinavyoonekana programu nzima, kama `*standard-output*`. Nimemwachia, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu ni desturi nzuri. Tuna kigeu kimoja cha aina hiyo, `*bei-ya-dola*`, na anayekigusa lazima ashtuke kidogo kwamba anagusa kitu cha wote.

`car` na `cdr`, funksheni za Lisp zinazotoa kitu cha kwanza cha orodha na kinachobaki, haziondoki, lakini zitabaki ndani. Majina hayo yalitoka kwenye mashine: John McCarthy alipobuni Lisp pale MIT mwaka 1958, kompyuta iliyokuwepo ilikuwa IBM 704, na neno moja la kumbukumbu yake lilikuwa na sehemu mbili zilizoitwa anwani na dekrementi. Herufi ya katikati katika `car` na katika `cdr` inatoka huko. Mashine ilikwisha zamani, majina yakabaki. Mzoefu anayasoma bila kufikiri. Kijana wa Katuba anayekutana na `(caddr m)` hawezi kujua kwamba hapo panatajwa zamu ya mwanachama. Kwa hiyo data zote zinazotoka nje ya faili zitakuwa rekodi, yaani vifungu vya data vyenye sehemu zilizopewa majina:

(define-record-type <mwanachama>
  (%unda-mwanachama jina zamu)
  mwanachama?
  (jina mwanachama-jina)
  (zamu mwanachama-zamu))

Hapa kuna desturi tatu kwa mpigo. Mabano ya pembe katika `<mwanachama>` yanaonyesha aina, na yanaliacha jina tupu `mwanachama` huru litumike kama kigeu. Alama ya asilimia katika `%unda-mwanachama` inasema hii ni ya ndani. Ya nje itaitwa `unda-mwanachama`, nayo itakagua kwanza kama jina si tupu na zamu ni namba. Na majina yote ya kusomea sehemu nimeyaandika mwenyewe, moja moja. `defstruct` ya Common Lisp hukutengenezea yote peke yake, `make-` mwanzoni na `-p` mwishoni. Ni kazi chache zaidi, lakini kwetu ingeleta maneno nusu Kiingereza nusu Kiswahili.

Jambo dogo la kibodi, kwa kuwa vijana wameliuliza. Kompyuta zetu nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY. Kwenye mpangilio huo mabano ya kufungua na kufunga, kistari na alama ya mshangao hubonyezwa bila kushikilia Shift. Wanaosema Lisp inachosha vidole hawajaiandika kwa kibodi ya huku.

11 Juni

Leo nzima ni mpangilio wa maneno ndani ya jina.

Kiswahili kinasema deni la mwanachama, jumla ya daftari, zamu ya mama fulani. Nilizoea kuandika hivyohivyo na vistari: `deni-la-mwanachama`, `jumla-ya-daftari`. Inasomeka vizuri. Tabu inaanza unapoandika wewe, si unaposoma. Lazima ukumbuke kama ni `la`, `ya`, `wa` au `cha`, na Kiswahili cha Lubumbashi kinapunguza sana maumbo hayo. Mtu wa hapa anasema "daftari ya mama" bila wasiwasi wowote, na anaeleweka. Kijana akiandika `deni-ya-mwanachama`, Guile itamjibu kwamba kigeu hicho hakijafungwa kwa kitu chochote, na atakaa anatafuta kosa la hesabu mahali ambapo hakuna.

Scheme yenyewe inatanguliza aina: `string-length`, `vector-ref`, `hash-table-set!`. Neno la kwanza linataja kitu kinachoshughulikiwa, na kitu hichohicho ndicho hoja ya kwanza, yaani cha kwanza kukabidhiwa funksheni. Orodha peke yake ndizo zenye majina mafupi bila utangulizi, `length`, `append`, `reverse`, na hilo linaeleweka katika lugha iliyozaliwa kwa ajili ya orodha. Basi sisi: `mwanachama-deni`, `daftari-jumla`, `zamu-mwisho`. Hakuna kiunganishi, hakuna cha kukosea. Na kihariri kinasaidia: andika `mwanachama-` kisha Tab, na kila kinachoweza kuulizwa juu ya mwanachama kinajipanga mbele yako.

Kuna sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito. Katika Scheme funksheni na vigeu vinaishi katika uwanja mmoja wa majina. Ukiita funksheni `jumla`, siku moja mtu ataandika `(let ((jumla (jumla malipo))) ...)`, na ndani ya mabano hayo `jumla` si funksheni tena, ni 15000. Akiiita mara ya pili Guile inalalamika kwamba namba haiwezi kuitwa. Common Lisp haina tatizo hilo kwa kuwa inatenga uwanja wa funksheni na uwanja wa vigeu, ndiyo maana waandishi wake huita kigeu `list` bila hofu, huku wa Scheme wakiandika `lst` au `lis`. Jina refu `daftari-jumla` linaliacha neno `jumla` libaki la kigeu cha ndani. Na vigezo vyetu vinavyoitwa `orodha` haviwezi kuifunika `list` ya lugha yenyewe. Hiyo ni faida ya Kiswahili ambayo hatukuitafuta.

Vitenzi vimetuletea raha zaidi. Aina ikitangulia na kitenzi kikafuata, jina linakuwa sentensi kamili: `mwanachama-amelipa?` Ndivyo mtu anavyosema.

Lakini hapohapo upatanisho wa ngeli ukarudi kupitia mlango wa nyuma. Daftari likifungwa, je, ni `daftari-limefungwa?` au `daftari-imefungwa?`? Mdogo wangu aliandika la pili, na nusu ya mji ingeandika hivyo. Tumetafuta njia ya kutolazimisha mtu yeyote. Kwa watu, vitenzi vinaruhusiwa, kwa kuwa a- na ha- kila mtu anazitumia sawa. Kwa vitu, tunatumia maneno yasiyobadilika kwa ngeli yoyote: wazi, tayari, kamili, sahihi, halali. Tumepata `daftari-wazi?`, `zamu-tayari?`, `malipo-kamili?`, `tarehe-sahihi?`. Kila swali tulilolihitaji limepata neno. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

14 Juni

Sokoni, kumsomea Mama mweka hazina. Asubuhi kulikuwa na baridi ya Juni, vumbi la unga limemkaa kwenye nyusi, wateja wanakuja na kuondoka, na mimi nasoma majina kwenye karatasi kati ya mteja mmoja na mwingine.

"Mwanachama amelipa," nikasoma. "Hii inajibu ndiyo au hapana."

"Na ikijibu hapana?"

"Basi hajalipa, Mama."

Akaacha kopo la kupimia. "Mwanangu, kuna ambaye hajalipa na kuna ambaye hakulipa. Usiwaweke pamoja."

Akaeleza, na mteja aliyekuwa anangoja naye akaitikia kwa kichwa. Mpaka jioni ya siku ya mwisho ya zamu, asiyetoa bado hajalipa. Hadaiwi faini, hasemwi. Siku ikipita, hakulipa. Hapo faini inaanza, na zamu yake mwenyewe inaweza kusogezwa nyuma. Programu inayowaita wote kwa jina moja ingemtoza mtu faini Jumatano wakati ana mpaka Ijumaa.

Jibu la ndiyo au hapana halitoshi, basi. Hali ni tatu, na funksheni ya msingi inazitaja zote:

(define (mwanachama-hali m daftari zamu leo)
  (cond ((daftari-tafuta daftari m zamu) 'amelipa)
        ((tarehe<=? leo (zamu-mwisho zamu)) 'hajalipa)
        (else 'hakulipa)))

Juu yake tumejenga `mwanachama-amelipa?`, `mwanachama-hajalipa?` na `mwanachama-hakulipa?`, kila moja ikilinganisha tu hali hiyo kwa `eq?`, funksheni ya Scheme inayouliza kama vitu viwili ni kimoja. Funksheni ya faini inauliza ile ya tatu peke yake. Katika faili yote hakuna tena `(not (mwanachama-amelipa? ...))`, na tumeandika kanuni: kukanusha malipo kwa `not` ni marufuku, chagua mojawapo ya mawili. Wakati uliomo ndani ya kitenzi unabeba sheria ya kikundi kizima.

Angalia pia `daftari-tafuta`. Haina alama ya kuuliza ingawa imekaa mahali pa swali. Inarudisha rekodi ya malipo ikiipata, na `#f`, yaani hapana, isipoipata, kama zinavyofanya `assoc` na `member` za Scheme, ambazo nazo hazina `?`. Katika SRFI 1 (SRFI ni hati za nyongeza za Scheme, kila moja na namba yake), maktaba ya orodha iliyoandikwa na Olin Shivers, `any` imenyimwa alama hiyo kwa makusudi, na hati inaeleza kwamba ni kwa sababu inaweza kurudisha thamani yoyote, si ndiyo au hapana tupu. Ninaipenda nidhamu hiyo. Alama ya kuuliza ni ahadi kuhusu kinachorudi, na anayetaka kuandika matokeo kwenye jedwali anaitegemea.

21 Juni

Alama ya mshangao. Umeme ulikatika tangu asubuhi, kwa hiyo tumejadili kwa karatasi, uani, juani.

Katika Scheme `!` inaonya kwamba kitu ulichokabidhi kitabadilishwa: `set-car!`, `vector-set!`, `string-set!`. Common Lisp haina alama moja ya namna hiyo. Ina `n` mwanzoni, `nreverse` karibu na `reverse`. Ina jozi ya `remove` isiyogusa na `delete` inayoruhusiwa kuharibu. Halafu ina `sort`, ambayo inaruhusiwa kuiharibu orodha uliyoipa ilhali jina lake halisemi lolote. Mdogo wangu aliniambia kwa uchungu wa kweli kwamba `sort` ndiyo iliyomfundisha kunakili orodha kabla ya kuipanga. Guile ina zote mbili, `sort` inayorudisha mpya na `sort!` inayobadilisha ileile, na mtu anachagua akiwa anajua.

Hata ndani ya Scheme alama hii ina maana mbili, na hilo watu hawalioni mapema. `set-car!` lazima ibadilishe. `reverse!` na `append!` za SRFI 1 zinaruhusiwa kubadilisha lakini hazilazimiki. Zinaweza kutumia seli za orodha ya zamani kujenga jibu, nawe unatakiwa ushike kinachorudishwa na usahau ulichotoa. Anayeandika `(reverse! orodha)` peke yake kwenye mstari, akitegemea `orodha` igeuke, anaweza kubaki na kipande tu cha orodha.

Uamuzi: kwetu `!` ina maana ya kwanza tu. `daftari-andika!` inaandika malipo ndani ya daftari lilelile, na hairudishi chochote cha kutumia. `daftari-futa!` ni hivyohivyo. Kila kisicho na `!` hakigusi alichopewa, bila msamaha. Kuhusu kuchapa kwenye skrini na kuhifadhi kwenye faili tumefuata `display` na `write`, zisizo na alama, kwa kuwa daftari lenyewe halibadiliki.

27 Juni

Maktaba zenyewe. Hili limekwenda haraka kuliko nilivyodhani.

Tumegawa mradi katika `(likelemba mwanachama)`, `(likelemba daftari)`, `(likelemba pesa)` na `(likelemba tarehe)`. Tunatumia `define-library` ya R7RS, kiwango cha Scheme cha mwaka 2013, badala ya `define-module` ya Guile, ili Scheme nyingine zinazofuata kiwango hicho zisome faili zetu. Kila maktaba inaanza na orodha ya majina yanayotolewa nje, na orodha hiyo ndiyo ninayomsomea Mama mweka hazina. Yaliyomo chini ni kazi yetu.

Lisp zimejibu swali hili kwa namna tofauti sana. Emacs Lisp, lugha ya kihariri cha Emacs, haina uwanja tofauti kwa kila maktaba. Majina yote yapo pamoja, kwa hiyo kila mwandishi huanzisha kila jina kwa jina la kifurushi chake, kama `org-` kwa mambo yote ya kifurushi cha Org, na vistari viwili mfululizo vinaonya kwamba funksheni ni ya ndani. Common Lisp ina vifurushi: nukta pacha moja kwa jina lililotolewa nje, mbili kwa anayelazimisha kuingia ndani. Guile nayo ina `@@` kwa anayelazimisha. Hakuna mlango uliofungwa kwa kufuli katika zote hizi. Zinakufanya uandike kitu kinachoonekana, ili anayekagua msimbo aone kwa jicho kwamba hapa mtu ameruka ukuta.

Je, viambishi `mwanachama-` na `daftari-` vinahitajika bado, ikiwa maktaba inaweza kuingizwa na kiambishi wakati wa kuitwa? Mdogo wangu anasema hapana: toa nje `jina`, `deni`, `zamu`, na anayetaka aandike `(import (prefix (likelemba mwanachama) mwanachama-))`. Ni hoja safi. Nimeikataa kwa sababu ya wanaoanza. Kijana anayekopi mstari kutoka faili moja kwenda nyingine anatarajia jina lilelile lifanye kazi, na kutafuta `mwanachama-deni` kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno katika faili, kunapaswa kuipata kila mahali ilipotumika. Kwa `(likelemba pesa)` pekee tumeacha mlango huo wazi.

4 Julai

Jana mwalimu mmoja, rafiki, alisoma faili akauliza: Guile inakagua nini katika haya yote? Haikagui lolote. Kwa Guile `?` na `!` ni herufi kama `a`. Ningeweza kuandika `daftari-wazi?` inayofuta daftari na mashine isingesema neno. Makubaliano yote ya mwezi mzima yanakaa vichwani mwetu, na vichwa vinachoka. Kwa hiyo tumeandika programu ndogo ya kukagua majina, tunayoiita mkaguzi.

Guile inaweza kuulizwa maktaba inatoa majina gani:

(define (maktaba-majina maktaba)
  (module-map (lambda (jina kigeu) jina)
              (resolve-interface maktaba)))

(define (jina-swali? jina)
  (string-suffix? "?" (symbol->string jina)))

Kwa kila jina lenye `?` mkaguzi anaiita funksheni na mifano tuliyoiandaa, kisha anapima jibu kwa `boolean?`. Lazima liwe `#t` au `#f`, hakuna kingine. Kwa kila jina lisilo na `!`, analigeuza daftari kuwa orodha kwa `daftari->orodha` kabla na baada ya wito, na kulinganisha kwa `equal?`. Jina likitolewa nje bila mifano, mkaguzi anagoma. Majaribio tumeyapanga kwa SRFI 64, maktaba ya majaribio, ambayo Guile inakuja nayo.

Alipoanza kazi alimkamata `zamu-tayari?` mara moja. Ndani yake kulikuwa na `(member m waliopokea)`, na `member` ikipata inarudisha mkia wa orodha kuanzia hapo. Ndani ya `if` ilikuwa inafanya kazi bila tatizo, kwa kuwa katika Scheme kila kisicho `#f` ni ndiyo. Lakini kwenye ripoti, mahali pa ndiyo au hapana pangetokea majina ya akina mama, na Mama mweka hazina angeyasoma kama orodha ya wadaiwa. Mdogo wangu ameirekebisha kwa `(if (member m waliopokea) #t #f)`. Mkaguzi pia aliziona `and` mbili zilizokuwa zinarudisha tarehe, kwa kuwa `and` hurudisha thamani ya mwisho.

9 Julai

Pesa, na mshale.

`->` ni desturi ya kugeuza: `number->string`, `string->symbol`, `list->vector`. Tulikuwa na `franka->dola` inayopokea kiasi na bei. Scheme inahifadhi sehemu kamili bila kupoteza: kwa bei ya mfano ya franka 2,800 kwa dola, `(/ 50000 2800)` inajibu `125/7`, si 17.857 na mkia. Kwa hesabu ni zuri sana. Kwa mkono wa mtu halifai, kwa sababu hakuna anayeweza kumpa Mama sehemu ya saba ya dola, na senti za dola hazitumiki hapa. Chenji inatolewa kwa franka. Kukadiria kwa `round` nako kuna mtego: `(round 5/2)` ni 2 na `(round 7/2)` ni 4, kwa kuwa nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Muuza unga hakubali kanuni hiyo, naye ana haki.

Wanavyofanya wao ni dola nzima kwanza, kinachobaki kwa franka. R7RS inayo tayari: `(floor/ 50000 2800)` inarudisha thamani mbili, 17 na 2400. Basi jina likawa `franka->dola+baki`, na mwenzake `dola+baki->franka`. Mkaguzi amepewa kanuni mpya: majina mawili yenye mshale wa kwenda na kurudi lazima yarudishe kiasi kilekile.

R5RS, kiwango cha awali cha Scheme, ilikuwa na `exact->inexact`. R7RS imelibadilisha kuwa `inexact` tu, ikisema ni fupi na sahihi zaidi. Sahihi zaidi ndilo neno lililonigusa: jina la zamani lilionyesha kama hoja lazima iwe namba kamili, wakati funksheni inapokea namba yoyote. Mshale unataja pande zote mbili, na upande wa kushoto ukitaja kisicho kweli, jina zima halifai. Kwa sababu hiyohiyo tumeifuta `maneno->tarehe`, iliyokuwa inakubali hata namba.

12 Julai

Maktaba ya tarehe, ya mwisho. Siku za juma zimetuchukua mchana wote.

SRFI 19, maktaba ya tarehe ya Scheme, ina `date-week-day`, ambapo Jumapili ni 0 na Jumatatu ni 1. Hapa Lubumbashi Jumatatu ni siku ya kwanza, Jumanne ya pili, na Jumamosi ni siku ya posho. Kwa hiyo hesabu ya SRFI 19 na ya soko la Kenya zinakubaliana kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini kijana aliyejifunza Kiswahili cha vitabu anasikia "tatu" ndani ya Jumatatu, na akiona `(siku 3)` anaweza kuisoma hivyo. Mama mweka hazina akisema siku ya tatu anamaanisha Jumatano.

Namba ya siku haitoki nje ya maktaba. Ndani tunatumia ya SRFI 19 kama ilivyo. Nje kuna `tarehe-siku`, inayorudisha alama kama `'jumatatu` au `'ijumaa`, na `tarehe-siku?` ya kuuliza kwa jina. Ripoti anayochapiwa Mama itaandika kwa namna yake: siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya posho. Hiyo ni kazi ya `siku->maneno`, inayopokea pia mji, ili kikundi cha mahali pengine kipate maneno yake bila sisi kugusa hesabu.

Majina ya zamani tumeyaacha kwa muda kama viashiria: `deni-la-mwanachama` bado inafanya kazi, inaita `mwanachama-deni` na kutoa onyo kupitia `issue-deprecation-warning`. Yataondoka zamu ya sasa ya likelemba ikimalizika. Mkaguzi amepita maktaba zote nne bila kugoma. Kinachofuata ni kuhamisha daftari la karatasi, ukurasa kwa ukurasa, na Mama mweka hazina ameomba tuanze na kurasa za wale waliohama zamu, kwa kuwa huko ndiko kila mwaka hutokea ubishi.